Pua ya Lalla Zhor

Lalla Zhor aliuza dawa za mitishamba sokoni Meknes kwa miaka thelathini na moja. Miaka tisa ya mwisho hakuweza kunusa hata moja. Kila alfajiri aliamka paji la uso linamgonga, akachemsha majani ya mkaratusi, akajifunika taulo na kujifukiza. Pua ilifunguka kwa muda wa kunywa bilauri moja ya chai, kisha ikaziba tena.

Mimi nilikuwa nikiuza zeituni mkabala naye.

“Lalla, dawa zimekuzunguka mpaka darini, na bado unakoroma ukiwa macho!”

“Nyamaza. Zeituni zako zinanuka.”

“Umejuaje, nawe hunusi?”

“Nakumbuka.”

Bintiye Ilham alipochoka kumbembeleza, alimburuta hospitali. Daktari, msichana mdogo tu, alimuuliza anatumia nini. Lalla Zhor akataja mkaratusi, majani makavu ya zaatari na mafuta ya habasoda, huku akingoja kukaripiwa. Daktari aliandika vyote.

“Mvuke unakupa nafuu, mama, lakini utafiti hauonyeshi kwamba unaponya. Habasoda imejaribiwa kwa watu wachache. Inatia moyo, ila ushahidi bado hautoshi. Chenye ushahidi mzuri zaidi ni kusafisha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa. Kila siku. Na nitakupa dawa ya kupulizia.”

“Chumvi?” Lalla Zhor aliguna. “Mizizi yote ile ya milimani, halafu chumvi?”

“Chumvi, mama.”

Alisafisha pua miezi minne, bila imani, kwa sababu hata kubishana kulikuwa kumemchosha. Wateja wenye mafua aliwaambia habari ya chumvi. Wengine walinuna, wakataka habasoda, akawapimia.

Asubuhi moja ya baridi nilimwona amesimama mbele ya magunia, mkono mdomoni.

“Njoo unuse,” aliniita.

Sikuhitaji kunusa. Zaatari ilikuwa ikinuka ukungu tangu mvua za mwaka juzi.

“Nimewauzia watu hii?” Akanitazama. “Wewe ulijua.”

“Niliona haya, Lalla. Nilidhani utakasirika.”

Laiti angenitukana. Aliinama, akashika pembe za gunia la kwanza.

“Shika upande huo,” akasema.

Tulibeba magunia matatu hadi jalalani, tukipumzika kila hatua chache. Kesho yake alifungua duka adhuhuri, nusu ya rafu zikiwa tupu. Alimpa kila mteja aliyeingia dawa kidogo kiganjani kwanza, akamwambia, “Nusa mwenyewe.”