Mstari wa Matope kwa Mama Salome

Nilitumwa Iguguno kwa sababu kompyuta zetu za chuoni zilikwama kwenye jambo dogo. Picha za setilaiti tunazo, na vipimo vya mvua tunavyo, lakini hakuna aliyejua mafuriko ya mwaka jana yalipanda hadi wapi. Bila kimo hicho, daraja jipya la korongo la huko lingechorwa kwa kubahatisha, nami kubahatisha sipendi hata kwenye chumvi.

Asubuhi nilipanda basi Dodoma. Tulipopita Singida mjini, alizeti zilikuwa zimechanua pande zote, nikasahau kabisa kwamba naenda kuuliza habari za maji yaliyoua.

Mchana nilishuka Iguguno. Bodaboda ilinifikisha korongoni, ambako kalavati la zamani lilikuwa limepinduliwa na maji. Nikazunguka nyumba za jirani kutafuta alama ya matope ukutani. Wapi! Zote zilikuwa zimekandikwa upya. Kwao msiba ukiisha, kuta hupakwa udongo mpya ili huzuni isilale ndani. Nilikasirika, mjinga mimi, kana kwamba walikandika kunikomoa.

Alasiri nilifika kwa Mama Salome. Binti yake alichukuliwa na maji pale korongoni, akitoka mashineni kusaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa vipimo?"

Ukutani kwake mstari wa matope ulikuwepo, juu kidogo ya usawa wa kifua changu.

"Watu wa vipimo kama wewe walipita baada ya mafuriko, wakasema nisiufute mpaka warudi kupima. Mawifi zangu wananisema, eti nimeng'ang'ania msiba. Nikawaambia ngojeni, daraja lijengwe, mtoto wa mwingine asife."

Nilipima, nikaandika. Mlangoni palikuwa na beseni la udongo. Aliukanda aliposikia ninakuja, apake ukuta nikishapima.

"Umemaliza? Haya, daraja linajengwa lini?"

Nilimwambia ukweli: mimi ni wa utafiti, kujenga kuna wenyewe, nao hawajasema lini.

Akalifunika beseni kwa gunia.

"Basi mstari tuuache. Na hao wa kujenga wakija watataka kuuona."

Jioni nilipata basi la kurudi. Nililia, wala sikujali jirani yangu kitini. Nimejifunza kwamba tukimwambia mfiwa asubiri vipimo, tunamwambia asubiri pia kumaliza kulia. Kimo sasa kimo kwenye kompyuta, na kila mtu chuoni amenipongeza. Mama Salome bado yuko msibani.