Mbwa Aliyeponywa kwa Dagaa Sasa Anawalinda

Saa moja kasorobo asubuhi, ufukweni Kibirizi, Mwanakombo Abeid anainamisha karai na kutawanya dagaa wabichi juu ya mchanga alioufagia. Anaanzia upande wa ziwani na kurudi kinyumenyume ili asiwakanyage. Anapomaliza, uwanja wake wa hatua kumi na mbili kwa tisa umekuwa wa rangi ya fedha.

Kwenye ukingo wa uwanja amelala mbwa wa rangi ya hudhurungi, mwenye umri unaokaribia miezi sita. Akitoa ulimi anawafikia dagaa. Hautoi.

Kunguru wawili wanatua upande wa pili. Mbwa anainuka, mguu wa nyuma wa kushoto ukichelewa kidogo, anazunguka uwanja kwa nje bila kukanyaga ndani, na kunguru wanaruka.

"Kitambi, basi," anasema Mwanakombo. Mbwa anarudi kulala.

Leo ni Jumamosi, tarehe 8 Novemba 1997, na kwa Mwanakombo ni siku ya kumi na nane katika hesabu ya siku kumi na nane. Hicho ndicho kipindi cha giza, siku ambazo mwezi hausumbui na mitumbwi huvua dagaa kwa mwanga wa karabai. Wanawake kumi na mmoja wanaoanika sehemu hii ya ufuko walimpa sharti moja: mbwa amalize giza zima bila kula dagaa wa mtu yeyote. Akila, aondoke ufukweni.

Sharti hilo lina sababu. Mbwa huyu amekuzwa kwa dagaa.

Mwanakombo ana umri wa miaka 43. Alizaliwa Ujiji, na tangu mumewe afariki mwaka 1991 anaishi katika chumba cha kupanga Kibirizi na binti yake, Lulu, aliye darasa la sita. Dagaa anaowaanika si wake. Wenye mitumbwi humkabidhi, naye katika kila makarai kumi makavu hupata moja. Giza moja humwingizia kati ya shilingi elfu kumi na nane na elfu ishirini na mbili. Kodi ya chumba ni elfu tatu kwa mwezi.

Hasara yake kubwa zamani ilikuwa kunguru. Mwaka huu ikawa mbwa.

Tangu Oktoba mwaka jana watu wamekuwa wakivuka ziwa kwa maelfu kukimbia vita vya ng'ambo. Baadhi yao walifika na mbwa wao. Malori ya kwenda makambini hayakupakia mbwa. Kufikia Mei, Mwanakombo alihesabu mbwa tisa wasio na mwenyewe wakilala chini ya mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu.

"Mtu ana watoto watano na sufuria moja, mbwa atamweka wapi?" anauliza. "Siwalaumu. Hata mbwa wenyewe siwalaumu, njaa haina mwenyewe. Lakini dagaa wana wenyewe, na wakipungua naulizwa mimi."

Juni, mwenye mtumbwi mmoja alihamishia dagaa wake kwingine. Mwanakombo akaamua kutafuta mbwa wa kuwafukuza mbwa.

Aliyekuwa akiuza mbwa wa maana mjini ni Mzee Elinipa, afisa mifugo mstaafu mwenye umri wa miaka 61. Aliletwa Kigoma na kazi kutoka Upareni mwaka 1974, akabaki. Nyumbani kwake Bangwe anafuga majike wawili wa aina kubwa, na watoto wao hununuliwa na mashirika yenye maghala ya chakula cha wakimbizi. Bei ni shilingi elfu thelathini.

Mwanakombo alikwenda Julai 5 akiwa na elfu sita.

"Kwa elfu sita ninaye huyu tu," Elinipa alimwambia, akimwonyesha kidume cha wiki saba kilichokaa peke yake pembeni. "Ana minyoo, nakwambia mapema. Dawa nitakupa bure."

"Na tumbo hili, Mzee?"

"Ndiyo hiyo minyoo."

"Basi huyu ana kitambi kama mwenye duka," akasema Mwanakombo, na jina likapatikana hapo hapo. Alimpeleka nyumbani ndani ya kikapu.

Dawa ilifanya kazi. Siku ya tatu mbwa alitoa minyoo mirefu kama tambi, na baada ya dozi ya pili tumbo lilishuka. Lakini wiki ya mwisho ya Julai miguu ya nyuma ilianza kupinda kwa nje. Tarehe mbili Agosti mbwa alijaribu kusimama akaanguka, na hakujaribu tena.

Kuhusu miguu, Elinipa hakuwa amesema neno. Akiulizwa leo, hakwepi.

"Niliiona inaanza kupinda. Nikajua wenye maghala hawatamchukua, nikanyamaza kwa mama huyu. Lilikuwa kosa," anasema. "Na kosa la kwanza lilikuwa langu pia. Niliwafungia ndani ya banda la mabati kwa kuogopa wezi, nikawalisha ugali. Hawakuona jua wala mfupa. Afisa mifugo mzima, miaka thelathini kazini!"

Mwanakombo aliporudi Bangwe na kikapu chake, Elinipa alitaka kumrudishia fedha. Alizikataa, akataka dawa. Dawa ikawa ya aina mbili: jua la asubuhi kila siku, na dagaa wazima waliosagwa pamoja na vichwa na mifupa, wapikwe uji.

"Nikamwambia, Mzee, umeniweza. Nimtibu kwa kitu kile kile ninachotaka asile?"

Jibu la Elinipa bado linamchekesha: "Mtibu kwanza. Hana hata miguu ya kwendea kuiba."

Kulikuwa na jambo la pili. Mwanakombo ni Mwislamu, na alikwenda kwa Mwalimu Hamdani, anayefundisha madrasa Ujiji, kuuliza kama anaweza kulea mbwa ndani ya uzio wake. Mwalimu alimjibu kwamba mbwa wa kulinda mali ana ruhusa. Chenye sharti ni mate yake: chombo au mkono ukiguswa, uoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo.

Kwa siku kumi na tisa mbwa hakuweza kunyanyua kichwa kulifikia bakuli, kwa hiyo alilishwa kwa kijiko, mara sita kwa siku. Kila mara mkono ulilambwa. Sita mara saba ni arobaini na mbili. Mwanakombo anaonyesha migongo ya mikono yake, ambayo ngozi yake imepauka hadi leo.

"Jirani akaniambia, Mama Lulu, kwa maji haya ungekuwa umefua nguo za mtaa mzima."

Ili kupunguza kazi hiyo alijiwekea utaratibu. Mbwa alipewa kijiko chake, kinu chake kilichovunjika mdomo, na bakuli moja la bati la rangi ya bluu. Hakupewa chochote mkononi. Hakupewa chochote sakafuni. Uji ukimwagika, Mwanakombo alimvuta kwanza mbwa nyuma, akafagia, kisha akamrudisha kwenye bakuli, kwa sababu akiilamba sakafu, sakafu nayo ingehitaji kuoshwa mara saba.

"Watu wanasema nilimfundisha. Sikumfundisha," anasema. "Niliogopa najisi, basi."

Tarehe 24 Agosti Kitambi alisimama. Alisimama kwa muda wa kuhesabu hadi tisa, anavyokumbuka Mwanakombo, akaketi. Mwezi uliofuata alitembea. Septemba 22, giza lilipoanza, alifika ufukweni kwa mara ya kwanza, miguu ikiwa bado imepinda kama mabano, na wanawake wakamwekea Mwanakombo sharti lao.

"Mama Lulu, umemlea kwa dagaa," mmoja alimtania. "Sasa unamleta kazini au dukani?"

Aliyelishikilia sharti kuliko wote ni Skolastika Leonardi, mzaliwa wa Kagunga, ambaye uwanja wake unapakana na wa Mwanakombo. Juni alikuwa amepoteza nusu karai kwa mbwa wa chini ya mitumbwi.

"Imbwa ni imbwa," Skolastika alisema, akimtaja kwa Kiha. "Huyu wenu ana jina tu."

Siku kumi na moja zilipita salama. Mbwa wageni walisogea, Kitambi akabweka, wakaondoka. Dagaa walikuwa mbele ya pua yake kutwa nzima na hakuwagusa. Wanawake walianza kumzoea.

Siku ya kumi na mbili, Oktoba 3, Skolastika alimpimia mteja dagaa wakavu kwenye bakuli, akaliweka chini na kugeuka kutafuta chenji kwenye pindo la kanga. Alipogeuka tena, bakuli lilikuwa tupu na Kitambi alikuwa akiramba ukingo wake.

"Nilisema!" Skolastika alipaza sauti hadi wabebaji wa magunia wakasimama. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," Mwanakombo akajibu.

"Basi aondoke."

Mwanakombo hakubisha kwamba mbwa amekula. Alikwenda nyumbani, akarudi na bakuli la mbwa, akaliweka mchangani kando ya lile la Skolastika. Yalikuwa ya bluu yote mawili, ya ukubwa mmoja, yamenunuliwa duka moja. Kisha akaomba jambo moja kabla ya hukumu.

Mbele ya wanawake wote alichota dagaa wakavu na kuweka fungu mchangani, chini ya kidevu cha mbwa. Kitambi alinusa, akageuza kichwa. Akaweka fungu jingine ndani ya karai la plastiki. Mbwa hakwenda. Akaweka la tatu ndani ya ndoo iliyolazwa ubavu. Mbwa hakwenda. La nne akaliweka ndani ya bakuli la bluu, na kabla hajaondoa mkono, mbwa alikuwa anakula.

Kisha mwanamke mmoja akacheka: "Skola, wewe ulimwandalia!"

"Nilimwandalia mteja!"

"Naye akaitika."

Skolastika hakucheka. Hoja yake ilikuwa ya haki na Mwanakombo aliikubali: mtu hawezi kufanya biashara akiogopa chombo chake mwenyewe. Majadiliano yalichukua saa nzima, dagaa wakigeuzwa huku wakizungumza. Mwishowe walikubaliana mambo matatu. Mwanakombo alipe bakuli moja la dagaa, na alilipa hapo hapo. Kila bakuli la bluu litolewe ufukweni kwa gharama yake. Na hesabu ianze upya, giza linalofuata, kuanzia siku ya kwanza.

Kati ya wanawake kumi na mmoja yalipatikana mabakuli sita ya bluu. Mwanakombo alinunua mapya sita meupe sokoni Ujiji kwa shilingi mia saba kila moja, akabadilishana nao. Jumla ilikuwa shilingi 4,200, zaidi ya theluthi mbili ya bei ya mbwa mwenyewe. Yale ya bluu ameyafungia chini ya kitanda. Hathubutu kuyatumia hata nyumbani.

"Nikimpakulia Lulu ndani yake, Kitambi atasema mtoto anamwibia," anasema.

Tangu Oktoba 22 hesabu imekwenda bila doa. Mvua za kwanza zimeshaanza, na dagaa hulazimika kukusanywa haraka wingu linapotanda, wakati mwingine na kumwagwa ovyo. Oktoba 30, katika haraka hiyo, karai la mwanamke mmoja lilipinduka karibu na Kitambi. Alisogea pembeni kuupisha mmwagiko.

Hajapona kabisa. Mguu wa nyuma wa kushoto bado umepinda, na akikimbia mbali huchechemea. Elinipa anasema mifupa itakaza akifika mwaka mmoja, na kama utakuwa haujanyooka, utabaki hivyo. Ameeleza hilo mapema safari hii. Jike wake mmoja alizaa tena Septemba, watoto watano. Wamefungwa nje, juani, na wanakula uji wa dagaa ambao Mwanakombo humsagia.

Saa tisa na nusu alasiri, dagaa wa siku ya kumi na nane wanakusanywa. Hakuna hotuba. Wanawake wanapita mmoja mmoja wakitazama viwanja vyao, na Mwanakombo amesimama na ufagio mkononi akimsubiri wa mwisho, ambaye ni Skolastika.

Skolastika anautazama mchanga wake kwa muda mrefu. Kisha anamtazama mbwa.

"Haya," anasema. "Abaki."

"Ahsante, Skola."

"Usinishukuru, bado simpendi." Anafunga gunia lake, anakaza kamba. "Ila yule mzee wa Bangwe, wale watano wake, yupo asiye na mtu?"

"Yupo. Jike."

"Niwekee. Lakini wangu atakula kwenye bakuli jekundu, nisije nikamchanganya na wako."

Mwanakombo anacheka. Wanawake wawili wanaomiliki mabakuli mekundu hawacheki. Mmoja analifunika lake kwa kanga.

Ijumaa ijayo mwezi utakuwa mpevu, mitumbwi haitatoka na ufukwe utakuwa mtupu. Mwanakombo ameshapanga siku hiyo. Kutoka Kibirizi hadi Bangwe, kupitia mjini, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mzima. Kwa mbwa mwenye mguu mmoja mbovu anakadiria saa tatu, pamoja na kupumzika. Atabeba maji na bakuli la bluu. Kikapu cha Julai atakiacha nyumbani.

"Nataka aingie kwa Mzee kwa miguu yake mwenyewe," anasema. "Akichoka, tutakaa njiani. Sitambeba."