Fungu la Ndama

Mtaalamu alitoka Nairobi akiwa na viatu vyeupe, na nadhani hicho ndicho kitu pekee alichokihurumia muda wote aliokaa Garissa. Nilikuwa mkalimani wake. Nilikuwa nimeandika nusu ya riwaya isiyosomwa na mtu, nikahitaji kazi.

Alikuja kupima ufanisi wa vikundi vya akina mama wanaouza maziwa ya ngamia mjini. Njia yake aliieleza kwa furaha ya mtu anayefungua zawadi yake mwenyewe. Unachukua kila kikundi, unaangalia kinachoingia na kinachotoka, kisha unakilinganisha na kile kinachotoa kingi kwa kidogo. Kilicho bora hupata moja. Vilivyobaki hupata sehemu tu ya moja. Na kwa kuwa maziwa hupita hatua mbili, bomani na sokoni, kila hatua ilikuwa na alama yake: yanayotoka hatua ya kwanza ndiyo yanayoingia ya pili. Lazima nikiri kwamba ilikuwa hesabu nzuri. Ubaya wake ulianza ilipokutana na ngamia.

Vikundi vyenye alama za chini vingeondolewa kwenye mtambo mpya wa kupozea maziwa kando ya barabara. Bila mtambo, maziwa ya upande wa Ijara huchacha kabla ya kuuona mji. Kikundi cha eedo, yaani shangazi yangu, kilitoka upande huo.

Tulifika bomani kwa kikundi cha eedo alfajiri. Wachungaji walikuwa wakikamua wamesimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya goti. Kila ngamia mwenye ndama alikuwa amefungwa chuchu mbili kwa kamba ya gome. Mbili zilizofungwa za watu, mbili zilizo wazi za ndama. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtaalamu alihesabu chuchu nne, akatikisa kichwa kama fundi aliyekuta mashine imezimwa nusu.

Akamuuliza eedo kwa nini wasikamue zote nne.

"Mwalimu," eedo akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "ndama itakunywa nini? Karatasi yako?"

Wachungaji walicheka hadi bakuli moja likamwagika. Mtaalamu naye alicheka, kisha akanipa fomu niijaze. Ilikuwa na visanduku vitatu: yaliyokamuliwa, yaliyofika, yaliyopotea. Kisanduku cha ndama hakikuwepo. Nilimuuliza fungu la ndama niliandike wapi. Bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, alisema niliandike popote panapofaa.

Jua lilikuwa linapanda na nilitaka chai. Nikaliandika kwenye yaliyopotea.

Mimi, niliyejiona mlinzi wa maneno ya watu wangu! Kalamu haikusita hata kidogo.

Matokeo yalibandikwa mlangoni pa mtambo. Kikundi kilichopata moja kilikuwa kile kinachokamua chuchu zote nne. Ndama wao nilikuwa nimewaona, mbavu nje kama fito za kibanda kisichoezekwa. Kikundi cha eedo kilikuwa mkiani. Mtaalamu aliita hiyo nafasi ya kuboresha, akapangusa viatu, akaondoka. Mitungi ya eedo ikafungiwa nje ya mtambo siku hiyohiyo.

Nilimkuta nyumbani kwake akifukiza vyombo kwa moshi, kama mama yake alivyofanya, ili maziwa yavumilie safari. Alisema ndama wataachiwa chuchu zao mbili, na wanawake wenzake wamekubali kuuza kidogo, asubuhi tu, njiani. Kisha akaniuliza kwa Kisomali, kwa sauti ya kawaida, ni nani aliyeandika kwamba maziwa ya ndama yamepotea.

"Mimi, eedo."

Akachukua kikombe changu, kile cha bati ninachokunywea tangu utotoni, akamimina maziwa hadi katikati, akanikabidhi na kufunga chombo.

Nilitazama ndani ya kikombe, kisha nikamtazama yeye.

"Hayo mengine," akasema, "andika yamepotea."