Neno Moja Nililotuma kwa Vizimba Vyote

Ndugu zangu, mke wangu ameniomba habari hii nisiisimulie, lakini mtaa wetu mzima wa Pasiansi wanayo na kila mmoja anaongeza chumvi yake, kwa hiyo bora muisikie kwa mwenye aibu mwenyewe.

Mnanijua. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza kuuza samaki kwa baiskeli kule Igogo, na leo nina vizimba sita vya sato ndani ya ziwa, nyumba ya ghorofa (ndiyo, ile ya bati la bluu), tena ni mwenyekiti wa kikundi cha watu kumi na wawili wanaofuga samaki. Hakuna aliyenibeba. Ila nina ugonjwa mmoja, napenda maneno makubwa, barua ikitoka ofisini naisoma mara tatu kwa utamu wake.

Asubuhi hiyo mtaalamu wetu wa samaki, binti wa Bukoba anaitwa Koku, alikizamisha kifaa chake cha kupimia maji kwenye kizimba changu, akakitoa, akakizamisha tena. Maji yalikuwa meusi meusi, yananuka tope. Akanieleza kwamba upepo umelipindua ziwa, maji ya chini yamepanda juu, na maji ya chini hayana hewa. Nimezaliwa kando ya ziwa hili, limenilisha miaka hamsini, sikujua kwamba linaweza kujigeuza kama mtu kitandani.

"Mzee," akasema, "aliyeshiba anahema kuliko mwenye njaa, na hewa yenyewe ndiyo hiyo kidogo. Waambie wenzako wasiwape samaki chakula leo na kesho. Hivyo hivyo tu, kwa maneno hayo hayo."

Mawazo yangu yalikimbilia kwa Mama Kabula, mjane ambaye mimi kwa mdomo wangu nilimshawishi auze mtumbwi wa marehemu mumewe apate kizimba kimoja. Samaki wake wakifa hana kingine, na mshauri ni mimi.

Lakini mwenyekiti mzima niandike hivyo hivyo tu, kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani? Tena siku yenyewe tulikuwa na wageni kutoka wilayani, na mimi ndiye niliyepangwa kuwaeleza jinsi tunavyofikishiana utaalamu (msicheke, mada ndiyo ilikuwa hiyo). Koku alipokwenda kupima maji kwingine nikatoa simu nikatunga ujumbe: "Kufuatia upungufu wa oksijeni, samaki wa vizimba vyote wasilishwe leo na kesho bila kukosa." Nikausoma kwa sauti, nikajipenda, nikautuma kwa wote.

Saa nane nipo ukumbini, suti imekaa, nimefika pale pa kusema kwamba kwetu sisi taarifa haipotei njiani, mara mlango ukafunguka akaingia katibu wetu, mwalimu mstaafu, na ndoo ya sato, nyuma yake wafugaji wenzangu na ndoo zao na mabeseni, mmoja na toroli kabisa, maji yanamwagika hadi kwenye viatu vya wageni.

Katibu akaitua ndoo mezani kwangu. "Mwenyekiti, tumewasilisha. Wote hawabebeki, tumeleta wa mfano."

Nikamuuliza wamewasilisha nini. Akanionyesha simu, akasema kwa upole wa mwalimu kwamba sahihi ni "wawasilishwe", ila walijua nimeruka "wa" moja, wakaelewa kwamba samaki wanatakiwa mbele ya wageni. Nikalitazama neno langu, na ndipo nilipoona lina nyuso mbili. Mzee Masanja, mlinzi wa vizimba vyangu, akaona anifariji: "Bosi, wa kwako niliwashibisha kwanza, mara mbili, wasije wakakutia aibu."

Ukumbi ulicheka mpaka mgeni mmoja akavua miwani afute machozi.

Koku alipoingia hakunigombeza. Alinyoosha kidole kwenye ndoo, ambamo sato wote walikuwa wametoa midomo juu wakiitafuta hewa. Wageni aliwasomea vipimo vya kifaa chake. Akamwambia Mzee Masanja, aliyekulia machungani, awazie ng'ombe wengi waliobanwa kwenye banda lisilo na dirisha. Akina mama wa kikundi wanaokausha samaki akawaambia ni jiko ulilolifunika, moto una kuni lakini unakufa. Jambo ni lile lile, na kila mtu akaliona kwa macho yake. Mimi miaka yote nilidhani anayejua ni yule anayesema kisichoeleweka.

Ndipo nilipogundua kwamba Mama Kabula hayupo, na simu yake haipatikani.

Nilikimbia na suti yangu hadi mwaloni, nikaingia mtumbwini, nikapiga kasia mwenyewe. Nikapita vizimba vyangu, viwili tayari vimejaa matumbo meupe ya sato waliokufa, na vya katibu, aliyewalisha wake kama kila siku, hivyo hivyo. Sikusimama. Mama Kabula nilimkuta ameketi ukingoni mwa kizimba chake, mfuko wa chakula umefungwa kwa kamba, na chini ya miguu yake mamia ya midomo inafunguka na kujifunga taratibu, kama vile ziwa lenyewe linavuta pumzi. Nikamuuliza kama aliupata ujumbe wangu.

"Niliupata, mwenyekiti. Shule yangu unaijua, nasoma kwa kidole." Akagusa hewa mara tatu. "Wa. Si. Lishwe. Nikafunga mfuko." Akaniangalia nilivyolowa. "Kwani wenzangu wamesomaje?"

Tangu siku ile ujumbe wowote wa kikundi, kabla sijautuma, naupeleka kwanza kwake ausome kwa kile kidole. Kikikwama, nafuta naandika upya.