Zawadi ya Mama Mkwe Kutoka Soko la Wachawi

Kama mna kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana mkinikatiza katikati sitaendelea, aibu yenyewe bado mbichi: Jumapili niliyokwenda mtaa wa Hjulsta, huku kwa Waswidi, kujitambulisha kwa mama yake Neema, mwanamke ninayetaka kumuoa, niliishia kupiga magoti kwenye zulia lao, nikiwa na suti ya kuazima, naombewa nitokwe na pepo.

Mimi mnanijua, napenda vioja. Wenzangu wa jikoni (napika kwenye shule moja Hallonbergen) wakipata likizo wanakwenda kuota jua ufukweni, mimi nikaenda zangu Bolivia wiki tatu, kutazama mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hafungi safari kwa ajili yake. Sasa Neema alikuwa ameshaniambia, mpelekee mama chupa ya chai, basi, usijitie ubunifu. Nikainunua, nikaifunga vizuri, halafu nikiwa mlangoni tayari kuondoka nikaitazama nikaona, aa, chupa ya chai kila anayeposa analeta, nikaiacha, nikafunga kwenye karatasi kikapu kidogo nilichorudi nacho kutoka La Paz, kizuri mno, ndani kina pipi za rangi zenye picha za nyumba na magari, vishungi vya sufu, na chura wa jiwe anayeenea kiganjani.

Mama Neema ni Mkongomani wa Bukavu, mcha Mungu hasa, na kwake mgeni akileta kitu kinaombewa kwanza ndipo kifunguliwe. Mchungaji wao alikuwepo (alialikwa anipime, sikufichwa), akaweka mikono yote miwili juu ya kikapu changu, akashukuru kwa zawadi "iliyotoka katika mikono safi," tukaitikia amina, mimi kwa sauti kuliko wote.

Mambo yakaninyookea, na hilo ndilo lililoniponza. Wakataka kuona picha za safari, nikaziunganisha kwenye televisheni: hoteli iliyojengwa kwa chumvi, kuta chumvi, vitanda chumvi (nikakiri kwamba niliulamba ukuta, Mama akacheka mpaka akajifuta machozi), makaburi ya treni, yaani treni kuukuu zimetupwa jangwani zinaoza na watu wanatoka mbali kuja kuzipanda, halafu wanawake wa El Alto wanaopigana mieleka wamevaa masketi mapana na kofia, mmoja kamnyanyua mwenzake juu juu kama gunia. Nikajiona nimeshaoa.

Mama akafungua kikapu, akamtoa chura, akamgeuzageuza, akatabasamu.

"Eeh, kazuri! Mutoto, hii ulitoa wapi?"

Nami, mdomo mbele akili nyuma, nikajibu, "La Paz, Mama, kwenye soko la wachawi!" Na hapo hapo kidole changu kikabonyeza picha inayofuata, soko lenyewe, watoto wa lama (mnyama jamii ya ngamia, ila hana nundu) waliokaushwa wakavu kabisa, wamening'inizwa mlangoni mwa duka.

"Yesu!" Mama akarusha mikono, chura akaruka naye, na katika meza yote ile yenye wali, fufu na samaki, akaenda kutua ndani ya bakuli la sombe, yaani kisamvu.

"Mamma, sluta!" Neema akamwambia mama yake kwa Kiswidi aache, lakini aliyekuwa akimtazama ni mimi, na jicho lile sijalisahau.

Mchungaji akaiangalia mikono yake. "Lakini mimi nilishaibariki," akasema polepole, ukazuka mjadala, je, baraka ikishatoka inarudishwa, na ile sombe inaliwa au hailiwi. Hakuna aliyegusa kijiko. Nikaona Neema ananiponyoka hivi hivi nikimtazama, nikaamua kuwaonyesha kwamba lile ni jiwe tu, nikamtoa chura kwa vidole, nikajipakulia sombe, nikaongeza na samaki, nikameza harakaharaka. Mwiba ukanikwama kooni. Nikakohoa, macho yakanitoka, sauti ikawa ya kukoroma, na kwa watu waliotoka kusikia habari za soko la wachawi, mnaelewa wenyewe hiyo ilikuwa ishara gani.

"Anatoka! Anatoka!" akapiga kelele shangazi yake Neema, ambaye tangu niingie alikuwa hajasema neno. Nikapigishwa magoti, mikono ikajaa kichwani, mmoja wao akawa ananigonga mgongoni (huyo ndiye aliyeniokoa), mwiba ukachomoka, ikapigwa haleluya ambayo nadhani hata mtaa wa jirani, Rinkeby, waliisikia.

Walipotulia nikaokota koti langu, nikaanza kuomba radhi ili nijiondokee. Nilitaka kulia, sitawaficha. Mama akaninyooshea kidole.

"Juu ya nini haukusema ulinunua ku aéroport?"

"Uwanja wa ndege? Sikufikiria, Mama."

Akamgeukia binti yake. "Neema, huyu ni mupumbavu. Lakini hajue kudanganya. Baba yako alikuwa na akili mingi, na alinidanganya myaka yote." Akavuta kiti kilichokuwa karibu yake. "Ikala, mutoto. Kula."

Nikakaa. Nimekubaliwa kwa upumbavu, jamani, na nimepokea kwa mikono miwili. Ila nimeapa, nikienda tena kutazama vioja vya watu narudi na picha tu, na picha zenyewe anaziona Neema kwanza.