Matangazo ya Msiba ya Watu Kumi na Tisa Walio Hai

Nilikamatwa kwa kutangaza vifo vya watu kumi na tisa, na wote kumi na tisa wakaja kituoni kunitetea.

Usicheke. Hata polisi hakucheka.

Naitwa Kinga, Mpolandi, kazi yangu dizaina. Miaka kumi na mbili nilikaa Warsaw kwenye ofisi ya matangazo, nikichora nembo na mabango. Nilianza kwa kusafisha picha za wenzangu, nikapanda mpaka nikawa mkuu wa kitengo. Kwa macho ya watu, nilikuwa nimefika.

Siku iliyonimaliza ilikuwa ya kawaida tu. Mteja wa maji ya chupa alirudisha nembo mara ya thelathini na moja, eti rangi ya bluu haina matumaini.

Nikatafuta ile ya kwanza kabisa, waliyoikataa miezi minne nyuma. Nikaituma bila kugusa kitu.

Wakaisifu sana. Nikaandika barua ya kuacha kazi palepale, kabla chai yangu haijapoa.

Nikanunua nyumba Drenovitsa, kijiji cha milimani Bulgaria. Kuni, bustani, Kibulgaria cha kuungaunga. Nilichotaka ni kuishi bila kusukumwa.

Sasa kule mtu akifa, ndugu zake huchapa karatasi yenye picha yake na kuibandika getini, dukani, kituo cha basi. Miezi sita ikipita, nyingine. Mwaka ukipita, nyingine. Kijiji kilikuwa na nyuso nyingi ukutani kuliko majumbani.

Wanakijiji wakagundua nina printa. Basi, hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, malipo mayai na mtindi. Na sijawahi kufanya kazi inayosomwa kwa makini kama ile.

Kisha halmashauri ya mji ikafuta basi letu. Barua ilisema kijiji hakina wakazi wa kutosha.

Duka la dawa liko mjini, kilomita kumi na moja. Jirani yangu Bibi Nedyalka, miaka themanini na moja, hapendi kuomba msaada wa mtu. Januari dawa zake za presha zikaisha, akaenda kwa miguu. Mzee Stamen, mfuga nyuki, alimkuta ameanguka kwenye theluji, midomo imegeuka rangi. Alimbeba kwa trekta.

Pale yakanifika shingoni.

Nikawaambia watu dukani, kama mji unatuona tumekufa, basi tutangaze msiba kama inavyotakiwa.

Wazee wakatazamana. Nikajua nimeharibu.

Stamen akakohoa. "Mimi weka picha yangu ya jeshini. Kama nakufa, nife nikiwa bado na nywele."

Wiki nzima nikapokea picha. Fremu nyeusi ileile, msalaba uleule. Ila palipopaswa kuwa na tarehe ya kifo niliandika: *Yu hai. Anasubiri basi.*

Bibi Nedyalka alikuja wa mwisho, na maneno yake kwenye kikaratasi. Akaniambia nisibadilishe hata herufi. Yalisema: *Nedyalka. Yu hai. Anamsubiri Plamen tangu Pasaka ya mwaka juzi. Labda naye hana basi.*

Nilidhani Plamen ni mjukuu aliyekwenda kutafuta maisha ughaibuni. Sikuuliza.

Jumatatu asubuhi mimi na Stamen tukayabandika matangazo yote kwenye milango ya halmashauri. Watu wa mjini wakasimama kuyasoma, maana matangazo ya namna hiyo hakuna anayeyapita. Wengine walicheka, wakarudia kusoma, wakaacha kucheka.

Saa sita mchana nikawa kituoni. Kosa: kudanganya umma na kuchafua mali ya serikali.

Stamen akarudi kijijini na tela la trekta. Akawaleta wote. Wakajipanga mbele ya meza ya polisi wamevaa nguo za kanisani, kila mmoja kashika nakala ya tangazo lake.

Mara akaingia naibu meya, mkuu wa usafiri, yule aliyesaini barua ya kufuta basi. Uso umemvimba kwa hasira. Akauliza nani kaandika karatasi ile ya kumi na tisa.

"Mimi ndiye niliyeyachapa," nikasema. "Na sibandui hata moja."

Bibi Nedyalka akasogea mbele. "Plamen, mwanangu, hayo ni maneno yangu. Huyu kapanga herufi tu."

Kumbe Plamen hakuwa mjukuu wa ughaibuni; alikuwa mtoto wake wa kumzaa.

"Mama, umeniaibisha mbele ya mji mzima."

"Mimi nimetangaza tu," akasema Bibi. "Kujiaibisha ulishamaliza mwenyewe."

Polisi akafunga jalada taratibu, akaniambia niende zangu.

Basi lilirudi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mara mbili kwa wiki, si kila siku kama zamani, na bado tunalipigania. Safari ya kwanza lilishusha abiria mmoja: Plamen, na mfuko wa dawa mkononi. Hakunisalimia. Sikuwa na haja na salamu yake.

Picha za matangazo yale zilisambaa mtandaoni. Kampuni moja ya bima ikanipigia, inataka tangazo "la kugusa moyo kama lile", tena na wazee walewale. Nikawajibu kwamba majirani zangu si bidhaa, nikakata simu, nikaenda kupasua kuni.

Watu hudhani anayehamia kijijini amesalimu amri. Mimi huko Warsaw ndiko nilikokuwa nimesalimu amri, tena kwa mshahara mzuri.

Kwa hiyo wakikwambia hupo, usibishane nao kwa barua. Andika jina lako kwa herufi kubwa, nyeusi, zinazosomeka. Kisha kabandike mlangoni kwao.