Mchumba Asiyeonekana Mtandaoni

Khala Shaista, “mama mdogo” wa kila mtu, alianza kuwaozesha watu mjini Lahore kabla simu hazijajua kupiga picha, na hakuna mali iliyomdodea. Aliwahi kumpatia mjane bwana anayekoroma hadi majirani wanahama, na mjane akashukuru. Lakini Tabish alimshinda.

Kijana hakuwa na kasoro: kazi nzuri, meno yote, mama mpole. Ila kila mama wa binti, wageni wakishaaga tu, alikimbilia mtandaoni kumtafuta, asipate kitu. Hana ukurasa, hana hata picha ya harusi ya binamu. Watatu walishamkataa kwa hilo hilo. "Mtu safi hajifichi," wa mwisho alisema. "Huyo ana mke Dubai."

Leo ilikuwa nyumba ya nne, na mama yake Tabish alishatamka: hapa wakikataliwa, anamhamishia mwanawe kwa mshenga mwingine.

"Mwanangu, jiweke japo picha moja," Shaista alimsihi njiani. "Hata ukila embe. Embe halijamharibia mtu jina."

"Sijifichi, Khala. Natumia programu zisizonichungulia. Yeyote anaweza kusoma zilivyoandikwa. Ni kama muuza kebabu anayepika mbele yako, nyama unaiona."

"Na bei?"

"Bure."

"Bure! Hao ndio wa kuogopwa."

"Hizo mnazotumia nyinyi ni bure pia. Ila kule kebabu ni wewe."

Shaista mwenyewe aliishi kwa kujua siri za watu, na hakuwahi kumpa mtu hata moja bila faida.

Sebuleni, Nighat, mama wa binti, aliwakaribisha simu ikiwa mapajani. Bintiye Mehwish akamimina chai. Samosa hazijapoa, Nighat akaanza: "Mama Tabish, usinielewe vibaya. Mwanao tumemtafuta kila mahali, hatukuona hata kivuli..."

Ukutani, runinga iliyokuwa imetulia ikaamua kujiburudisha kwa picha za familia. Theluji ya milimani Murree. Mbuzi wa Idi. Kisha Mehwish, amejaa dhahabu, akivishwa pete na kijana wa masharubu.

Uchumba ule ulivunjika miaka miwili nyuma. Shaista alikuwa amepanga kuutaja kwenye kikombe cha pili, umepakwa sukari. Nighat akapapasa mito akitafuta rimoti. Runinga ikaendelea, sasa yule wa masharubu anamlisha Mehwish peremende, na maandishi juu: Kumbukumbu Tamu. Mama Tabish akairudisha samosa sahanini.

"Mama, acha tu," alisema Mehwish. "Wameshaona mpaka peremende."

Tabish alikuwa akiikodolea runinga yenyewe, si masharubu. "Nani anazipanga hizi?"

"Hatumjui. Mimi nazifuta, zinarudi kama shangazi asiyealikwa."

"Zinaweza kukaa kwenye kisanduku humu humu nyumbani, kwa programu ya wazi. Hakuna mgeni wa kuwachagulia."

"Na zilizokwisha kwenda huko nje?"

"Hizo siwezi kuzirudisha. Nikisema naweza, nakudanganya."

Mehwish akasahau kuinamisha macho kama posa inavyotaka.

Shaista akanusa soko. Mwanamume anayekiri asichokiweza ni mali adimu, haiachwi ipoe. "Mama Mehwish, yule wa masharubu mtandaoni alijaa tele. Ulimkagua mpaka macho yakauma. Mke aliyemficha Multan ulimwona?"

Nighat akaangalia kikombe chake.

"Basi huyu mchunguze kama mama zetu walivyochunguza. Waulize majirani. Muulize muuza maziwa wao."

"Kesho namtuma kaka yangu," Nighat alisema hatimaye. Mama Tabish akaichukua tena samosa yake.

"Na kabla ya hiyo kesho," Mehwish akamgeukia Tabish, "runinga yetu unaifanyaje?"

Tabish akainuka, akachomoa waya ukutani. "Kwa leo, hivi."

Mehwish akacheka kwa sauti, jambo ambalo mbele ya wakwe halifanywi, na hakuna aliyemkemea.

Kesho yake kaka mtu akarudi na taarifa. Muuza maziwa alikuwa amejikuna kichwa muda mrefu, akikumbuka. "Yule? Anarudisha chupa zimeoshwa. Zaidi ya hapo hana habari yoyote."

Nighat akampigia Shaista papo hapo. "Khala, uliza wanataka harusi mwezi gani."